Mwenye nyumba anajiandikia msamaha mwenyewe, baridi tunalipia sisi wapangaji (Uingereza)

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Hapa England na Wales sheria iko wazi. Tangu Aprili 2020, nyumba ya kupangisha lazima iwe na angalau daraja E kwenye cheti cha nishati, ile EPC (A ndiyo bora, G ndiyo mbovu kabisa). Ya F au G hairuhusiwi kuwa na mpangaji. Ninayokaa mimi ni F. Baridi ikianza, ukuta wa chumba cha watoto unatoka jasho, ukungu mweusi unapanda nyuma ya kitanda. Nafuta kwa dawa, unarudi. Mita ni ya kulipia kabla, kama LUKU: hela ya jioni, asubuhi imekwisha.

Nikamuuliza dalali kwa nini tunapangishwa nyumba ya F. Akajibu, "Nyumba ina msamaha," yaani ruhusa ya kupangishwa bila kufikia E. Basi. Nikaingia kwenye rejista ya serikali, ambayo yeyote anaweza kuitazama, nikaukuta: msamaha wa gharama kubwa, miaka mitano.

Sasa oneni unavyopatikana. Mwenye nyumba anajisajili mtandaoni, anapakia makadirio ya mafundi watatu kuonyesha kwamba hata rekebisho la bei ya chini kabisa linazidi pauni 3,500, VAT ikiwemo. Akishasajili, msamaha umeanza kazi. Hakuna ofisa aliyekuja kugusa ukuta. Mpangaji haulizwi chochote. Halmashauri inaweza kukagua baadaye, ikipenda.

Na hizo 3,500 ziliwekwa 2019! Vifaa na mafundi vimepanda bei tangu hapo, kiwango hakijasogea, kwa hiyo nyumba zinazidi kuangukia kwenye msamaha.

Misamaha mingine naielewa. Mtaalamu akiandika kwamba kuziba ukuta kwa sufi ya kuzuia baridi kutaharibu jengo, sawa, hilo lina mantiki. Lakini cheti cha nyumba hii hii kinapendekeza sufi ya darini, na bei imeandikwa pale pale: pauni 100 hadi 350. Nimepanda darini na tochi. Ni mbao tupu na vumbi, unaona mpaka mgongo wa dari ya chumba cha watoto. Hiyo gharama kubwa imetoka wapi?

Faini ya kuandika uongo kwenye rejista haizidi pauni 1,000. Kodi yangu ya mwezi mmoja inapita hapo. Nani ataogopa?

Halafu Septemba 2023 Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, akafuta mpango wa kupandisha kiwango hadi C, eti wenye nyumba wasibebeshwe gharama. Gharama haikuondoka, jamani. Iko kwenye mita yangu kila siku, na kwenye kifua cha mwanangu anayekohoa usiku kucha.

Nimeshawaandikia halmashauri, nikaambatanisha cheti, picha za dari na ukurasa wa rejista. Mlioko huku, tafuteni anwani zenu kwenye rejista hiyo, kisha msome cheti cha nyumba mstari kwa mstari, hasa sehemu ya mapendekezo na bei zake. Mkikuta msamaha wa gharama kubwa pamoja na rekebisho la pauni mia tatu, wekeni hapa.

Na kama kuna ambaye halmashauri yake iliwahi kuukataa msamaha wa namna hii, aniambie alipitia kitengo gani. Mimi mpaka sasa nimejibiwa "tumepokea" tu.