Marehemu baba mdogo katuachia picha za kupatwa kwa jua 2016 (Rujewa na Temeke). Tuzifanyeje?

BintiTabata

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji ushauri kabla ukoo haujagawanyika.

Baba mdogo alikuwa mpiga picha wa harusi na mahafali, studio yake ilikuwa Temeke. Ametangulia mbele ya haki. Kwenye kabati lake tumekuta diski ya nje ina picha za Alhamisi ile ya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete. Yeye mwenyewe alifunga safari hadi Rujewa, wilaya ya Mbarali, na kijana wake wa studio akabaki Temeke na kamera ya pili. Kwa hiyo kuna mafungu mawili: Rujewa ni jua tupu kwa wingi na watu kidogo, Temeke ni mitaani tu.

Kaka yangu anataka kuziuza mtandaoni, anasema tarehe 2 Agosti 2027 jua linapatwa tena kule Misri kwa hiyo bei itapanda. Binamu anataka aziongezee miale na rangi "zivutie". Shangazi hataki hata moja itundikwe ndani, anasema jua lililokufa ni nuksi. Mimi nilifikiria tuchape pete moja kubwa, mita moja hivi, tumpelekee mama mdogo sebuleni. Nani yuko sahihi?

FundiPicha_Kkoo

Pole na msiba, dada. Hayo ya kuuza na kutundika yasubiri. Hiyo diski inatoa mlio wowote, kama inagongagonga?

Iwe inalia au hailii, leo hii hamishia kila kitu sehemu mbili tofauti, na moja isikae nyumba hiyohiyo. Diski iliyolala kabatini miaka yote hiyo usiiamini. Nakili faili zilivyo. Usizifungue kwenye programu na kuzihifadhi upya, na tafadhali sana usizitume WhatsApp kama picha za kawaida: inazibana, na taarifa za saa na kamera zinapotea. Zile zenye kiambishi cha NEF au CR2 ndizo ghafi, ndizo mali. Hizo JPG ni vivuli vyake.

Halafu niambie alitumia kamera gani na lenzi gani, ndipo tuongee ukubwa wa kuchapa.

Mjomba_Changombe

Shangazi nuksi, kaka biashara, binamu urembo. Hii familia ni kamati kamili, bado katibu tu.

BintiTabata

Mjomba umenichekesha. Fundi, hailii. Nimeanza kunakili sasa hivi. Ni Nikon ya pikseli (nukta za picha) milioni 24, siyo ile kubwa ya bei mbaya, na lenzi inaishia milimita 300. Za NEF zipo.

FundiPicha_Kkoo

Basi pete ya mita moja isahau, nitakuonesha kwa nini.

Jua angani ni dogo kuliko tunavyodhani, upana wake ni kama nusu digrii. Kwa lenzi ya 300, taswira yake ndani ya kamera inakuwa na upana wa milimita 2.8 hivi. Kihisio cha kamera hiyo, kile kipande kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 23.5 na pikseli 6000. Piga hesabu: jua lenyewe lina upana wa pikseli 700 tu, picha iliyobaki yote ni weusi. Ukichapa kwa ubora mzuri wa nukta 300 kwa inchi, unapata duara la sentimita 6. Ukilivuta hadi mita moja utatundika maandazi yenye ukungu.

Dawa yake ni mlolongo. Tukio zima lilichukua zaidi ya saa tatu. Chagua picha chache, jua linapoanza kumegwa, linavyopungua, pete, kisha linavyorudi, zipange kwenye karatasi moja ndefu nyeusi. Kila duara linabaki dogo na kali, na karatasi yenyewe inakuwa kubwa kama unavyotaka. Hakikisha mapengo ya muda ni sawa, siyo kurundika picha nzuri tu.

Na binamu mwambie aweke mikono mfukoni.

BinamuMwenyewe

Nimeona uzi huu 😂. Wakuu, si ni kuongeza ile miale nyeupe inayotoka pembeni, kama picha za Marekani? Kila mtu anafanya.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana, hiyo miale inaitwa korona, na siku ile haikuonekana Rujewa. Mwezi ulikuwa mbali na dunia kidogo kuliko kawaida, ukaonekana mdogo, ukashindwa kuziba jua lote. Uliziba kama asilimia 97 ya kipenyo chake. Ule ukingo uliobaki, ndiyo pete yenyewe, una mwanga mkali unaomeza korona kabisa. Picha za Marekani unazosema ni za 2017 au 2024, jua lilifunikwa lote. Ukiipaka korona pete ya Rujewa, mtu yeyote anayejua atacheka, na jina litakalochekwa ni la marehemu, siyo lako.

Rangi vilevile. Kama zimetoka nyeupe au za chungwa, hiyo ni filta ya jua aliyoweka mbele ya lenzi. Ziacheni.

Kwako binti, nina jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Angalia saa ya kamera. Wapiga picha wa harusi hawajali kama saa imekosea dakika saba. Ila pete ya Rujewa ilianza na kuisha kwa wakati unaojulikana kwa hesabu hadi sekunde, kukaribia saa sita mchana, na ilidumu takriban dakika 3. Ramani za NASA zinaonesha muda wa kila mahali. Tafuta picha ya kwanza ambayo pete imefunga na ya mwisho kabla haijakatika, linganisha, utajua saa ya marehemu ilikosea kiasi gani. Andika kosa hilo kwenye faili la maelezo, usibadilishe picha. Hapo picha zote za siku hiyo zinakuwa na muda wa kuaminika.

Mjomba_Changombe

Shikamoo mwalimu. Ila muda sahihi unamsaidia nani? Wanasayansi wana mitambo yao.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Wengi hautawasaidia, na sitaki binti aamini kuna profesa anayesubiri mlangoni. Lakini sikiliza. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, kivuli kikatoka Amerika Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita bara letu hadi huku Afrika Mashariki. Wanaanga wa Uingereza walikuwa wamegawana: Eddington alikuwa kisiwa cha Príncipe, wenzake Sobral kule Brazili. Walipiga picha nyota zilizo karibu na jua kwenye vioo (enzi hizo vilitumika kama filamu), waone kama mwanga wake unapindwa na mvuto wa jua alivyosema Einstein. Príncipe mawingu yaliwatesa, vioo vilivyofaa vilikuwa viwili tu. Watu wakabishana miaka na miaka kuhusu vipimo vile. Mwaka 1979 vioo vya Sobral vikatolewa stoo Uingereza vikapimwa upya kwa mashine, na jibu likamuunga mkono Einstein. Miaka 60 baadaye! Wangekuwa wamebaki na picha za gazetini tu, mabishano yangekuwa bado.

Sisemi za Temeke zitapima kupinda kwa mwanga. Nasema aliyetunza asili na kuandika muda hakujua nani atazihitaji.

Ustadh_Mbagala

Hilo la nuksi naomba nilijibu kwa upole, shangazi ni mzazi. Kwa sisi Waislamu jambo hili lina majibu. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ndiyo maana tunaswali. Picha ukutani ni mjadala mwingine, lakini nuksi haimo.

Angalieni vizuri za Temeke, huenda kuna watu wakienda au wakitoka kwenye swala ya kupatwa kwa jua.

BintiTabata

Ustadh, zipo kweli! Wanaume wametoka msikitini, mzee mmoja amekunja mswala begani anaangalia chini siyo juu.

Ngoja nizieleze za Temeke maana nimezipitia zote usiku huu. Dar pete hatukupata, jua lilimegwa tu. Huyu kijana naona hakuwa na filta, kwa hiyo hakupiga jua hata mara moja. Amepiga uani, chini ya mwembe, ardhi yote imejaa vihilali vidogo vya mwanga. Kuna mama anaanika kanga, vihilali vimeangukia kwenye kanga, vinachanganyika na maua yake hadi huwezi kutofautisha. Watoto wamekinga viganja. Kuna mchoma chipsi ameshika kijiko chenye matundu, kivuli chake kina mianya ya hilali tupu. Kaka anasema hizi ni takataka, zifutwe tupate nafasi.

FundiPicha_Kkoo

MSIFUTE.

Dada, nimefanya kazi hii muda mrefu, nikwambie bila kuremba: pete za baba mdogo ni nzuri, ila dunia ina maelfu ya pete, na ukiondoa maelezo huwezi kujua ipi ya Rujewa na ipi ya kisiwa cha Reunion. Za kijana wa Temeke hazina pacha. Mianya ya majani inafanya kazi kama tundu la kamera, kila mwanya unatupa taswira ya jua chini, ndiyo maana vile vihilali. Sayansi ileile, ila ndani yake mna uani, kanga, sura za watu, mtaa ambao kwa ujenzi unavyokwenda pengine mwembe huo haupo tena.

Ukitaka kitu cha mita moja cha kuchapa, ni ile ya kanga. Picha yote inatumika, hakuna weusi wa kukata.

MamaNasra

Nimesoma uzi wote nasubiri mtu aulize. Mama mdogo mwenyewe anasemaje? Yeye ndiye mjane. Kaka, binamu, shangazi, fundi, wote mmesema.

WakiliWaIlala

MamaNasra umenitangulia, na sheria iko upande wako.

Hakimiliki haifi na mpiga picha, inaingia kwenye mirathi kama kiwanja. Kwa hiyo kabla kaka hajauza hata moja, kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hayupo, hakuna mwenye mamlaka ya kusaini leseni, na mapato yake ni ya warithi wote, siyo ya aliyeshika diski. Hakimiliki ipo tangu picha ilipopigwa, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujipatia ushahidi pakitokea mgogoro.

La pili ni kubwa zaidi. Picha za Temeke hakupiga marehemu. Kamera ilikuwa yake, lakini aliyebonyeza ni kijana. Kama alikuwa mwajiriwa ni habari moja, kama alikuwa deiwaka ni nyingine. Mtafuteni, muandikiane kabla ya lolote, na jina lake liwe chini ya kila picha.

La tatu, sura za watoto. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa tangazo la biashara msiguse sura za watoto bila ridhaa ya wazazi.

KakaMkubwa_Tabata

Mimi ndiye kaka anayesemwa. Sikusema nauza zote. Nilisema picha zikae zinaingiza, kuliko kukaa kabatini.

FundiPicha_Kkoo

Kaka, hoja yako ina mashiko ila soko siyo unalofikiria. Kwenye maghala ya picha mtandaoni kama Shutterstock pete za jua zimejaa, utalipwa senti. Ukitaka hela, nenda kwa mhariri au mchapishaji wa vitabu vya shule na za kanga na msikiti, mwaka huo wa 2027 watu wakianza kuuliza kupatwa kwa jua ni nini. Na mkiamua kuweka chache Wikimedia Commons, ghala la picha huru mtandaoni, ili zitumike bure, ziwe zile mlizokubaliana kabisa kuziachia. Leseni ile ukishatoa, hairudi.

Nesi_wa_Macho

Naomba moja tu. Kama kuna picha ya mtu anaangalia jua kwa filamu ya eksirei, na najua ipo maana siku ile kila mtaa walifanya hivyo, msiitoe bila maelezo. Filamu inapunguza mwanga unaouona lakini haizuii vya kutosha miale mingine inayounguza retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na retina haina maumivu ya kukushtua. Mtoto akiiona picha hiyo 2027 ataiga.

BintiTabata

Ipo, nesi. Tena wawili wanapokezana. Nitaiandikia maelezo.

Nimempigia mama mdogo. Amesema pete hazitaki sebuleni, siyo kwa nuksi, ila kwa sababu siku ile marehemu alimwacha na mgonjwa hospitali akaenda kufuata jua, na bado ana kinyongo 😅. Ya kanga ameitaka. Yule mama anayeanika anamjua, ni jirani, yuko hai, na kijana wa studio siku hizi anafanya kazi Mbagala. Jumamosi nakwenda kumwona.

WakiliWaIlala

Nenda na karatasi mbili, kila mtu abaki na yake. Na mpelekee nakala ya picha zake zote, pengine hana hata moja.

KakaMkubwa_Tabata

Nauli nitatoa mimi.

Mjomba_Changombe

Katibu amepatikana.