Kuhamisha vyombo vya nyumbani kuja Dar: kontena, karatasi na siku za bandarini

Kutoka: Birmingham

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi, mume wangu na watoto wawili tunarudi nyumbani moja kwa moja mwezi wa nane, nyumba iko Mbezi Beach. Tuna fanicha za vyumba vitatu, friji, mashine ya kufulia, vitabu vingi na gari moja. Kampuni moja inatushauri tuchangie kontena na wengine, nyingine inasema tuchukue la futi 20 peke yetu. Bei zao zinapishana sana na sijui nalinganisha nini na nini. Mwenye uelewa naomba anielekeze, nianzie wapi?

Kutoka: Kurasini, Dar es Salaam

Marahaba dada, karibuni nyumbani. Anzia huku Dar, kisha urudi nyuma mpaka Birmingham. Watu wengi hukazana kupunguza nauli ya meli, halafu fedha zote zinaishia kwenye siku ambazo mzigo umekaa huku ukisubiri karatasi.

Jambo la kwanza ni msamaha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inamsamehe ushuru wa forodha mtu anayehamisha makazi yake kwa kweli kutoka nje ya Jumuiya. Inataja nguo, vitu binafsi na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikokuwa akiishi, pamoja na gari moja kwa masharti yake. Neno zito hapo ni "alivyokuwa akivitumia". Televisheni iliyokaa sebuleni kwenu miaka mitatu ni chombo cha nyumbani. Televisheni tatu mpya ndani ya maboksi ya dukani ni biashara machoni pa afisa, hata kama umewaletea wadogo zako zawadi. Vitu vipya viwekeni kwenye orodha yake peke yake, na risiti zake, mvilipie kodi. Mkivichanganya na vilivyotumika mnatia shaka mzigo mzima.

Sheria hiyo hiyo ina saa inayohesabu: mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu tarehe uliyofika wewe mwenyewe. Kamishna anaweza kuongeza muda, ila usizidi siku 360 tangu ufike. Ombi la kuongezewa liandikwe mapema, mzigo ukiwa bado uko njiani.

Kwa hiyo pangeni tarehe hivi: mtu mmoja mwenye jina kwenye mzigo awe Dar wiki moja au mbili kabla ya meli. Kontena likitangulia, wakala wako hana pasi yenye muhuri wa kuingia wa kuonyesha TRA, na msamaha haushughulikiwi. Wakati huo demareji ya kampuni ya meli (tozo ya kulichelewesha kontena lake) inahesabiwa kila siku baada ya siku za bure kwisha, na storeji ya bandari au bandari kavu (tozo ya mzigo kukaa pale) inahesabiwa kando. Hizo ni tozo mbili tofauti, za watu wawili tofauti, na kusamehewa moja hakuigusi nyingine. Kabla ya kulipia nafasi, pata kwa maandishi siku za bure ni ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini, kwa maana kuna wanaohesabu tangu meli ianze kushusha.

Msikadirie safari kwa mazoea ya zamani. Tangu mwisho wa 2023, kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za makontena ziliacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka. Juu ya hapo, kontena la kutoka Ulaya mara nyingi hubadilisha meli njiani, na linaweza kukaa bandari ya kati likingoja meli ya pili. Uliza njia na bandari ya kubadilishia, usiulize tu "itachukua siku ngapi".

Karatasi za kumpa wakala wa forodha ni hizi: pasi zenye viza na mihuri, ushahidi wa kuishi huko (kibali cha ukaazi, barua ya mwajiri ya kumaliza kazi, bili za nyumba zenye anwani), TIN yako, barua ya kumruhusu wakala, orodha ya vitu, na BL (hati ya kampuni ya meli ya kupokelea mzigo). Jina kwenye BL lifanane na pasi herufi kwa herufi. Ukiandika jina la ndoa kwenye BL na pasi ina jina la baba, hiyo ni marekebisho ya manifesti (orodha ya mizigo ya meli), na marekebisho yana malipo na yana foleni. Maelezo ya mzigo yaseme wazi kuwa ni vyombo vya nyumbani vilivyotumika na vitu binafsi. Omba rasimu ya BL uisome kabla meli haijaondoka, maana kusahihisha wakati huo ni barua pepe tu. Pia uliza kama mtapewa BL za karatasi au ruhusa itatumwa kwa mtandao. Za karatasi zikichelewa njiani, kontena halitoki hata kama kila kitu kingine kimekamilika.

Kadhia, yaani tamko la mzigo wako kwa forodha, inaweza kuingizwa kwenye mfumo wa forodha kabla meli haijafunga gati, hivyo nakala zote ziwe kwa wakala mapema. Usisubiri ujumbe wa "meli imefika". Sheria imetoa siku 21 za kuingiza kadhia tangu meli ianze kushusha. Mzigo ukipitisha hapo unaelekea ghala la forodha, na safari ya ghala hilo mwisho wake ni mnada.

Sasa bei. Kuchangia kontena unalipa kwa mita ya ujazo, kwa hiyo pimeni. Boksi la sentimita 45 kwa 45 kwa 50 ni mita 0.1, hivyo maboksi 70 ni mita 7. Sofa ya watu watatu ni kama 1.7, friji ya wima 0.65, godoro la watu wawili 0.65. Nyumba ya vyumba vitatu inafika mita 15 bila kujitahidi, na mara nyingi kuanzia mita 13 hadi 15 futi 20 zima linakuwa nafuu. Kontena hilo ndani lina mita 33 hivi, ila kwa fanicha hesabuni 25 hadi 28, kwa sababu miguu ya meza haipangiki.

Bei za kuchangia zinapishana kwa sababu wengine hutaja nauli ndogo huko, halafu mtenganisha mizigo wa huku (anayefungua kontena la pamoja na kumgawia kila mtu wake) anakutoza kufungua kontena, kushughulikia, karatasi na hifadhi. Omba nukuu ya bei inayotaja tozo za Dar kipengele kwa kipengele. Asiyetaka kuziandika, mwacheni. Hatari nyingine ya kuchangia ni kwamba mmoja akiwa na kitu kilichokatazwa au karatasi pungufu, kontena lote linaweza kuzuiliwa nanyi mkiwa ndani yake. Kwa mzigo wenu ningechukua futi 20 bila kusita.

Kutoka: Leicester

Kaka wa Kurasini kamaliza upande wa karatasi, mimi niongeze upande wa kufunga.

Kila boksi lipewe namba pande mbili na juu, na orodha ifuate namba. Msiandike "vitu mchanganyiko". Andikeni "Boksi 14: sufuria 6, sahani 24, blenda 1, vyote vimetumika, thamani pauni 40". Vifaa vya umeme viandikwe na namba ya mashine. Afisa akitaka kuona boksi 14, mnaliendea moja kwa moja badala ya kumwaga kontena zima chini. Na hivyo vya umeme vipakieni mwisho, vikae karibu na mlango, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa.

Vitabu viwekwe kwenye maboksi madogo, boksi lisizidi kilo 20. Boksi kubwa lililojaa vitabu hupasuka kitako, na la chini yake hubondeka. Sahani zisimame wima kama zilivyo kwenye kiango cha vyombo, kila moja na karatasi yake, maana zikilazwa huvunjika kwa uzito wa zile za juu. Televisheni isafiri wima siku zote.

Mashine ya kufulia ina boliti tatu au nne za nyuma zinazokaza pipa lake lisicheze. Zilitolewa siku ilipofungwa, na wengi walizitupa. Tafuteni nyingine za modeli hiyo hiyo kabla ya kuisogeza. Bila boliti, pipa linagonga njia nzima, springi na vizuia mtikisiko vinakatika, na mashine inafika Dar ikiwa nzima kwa nje tu. Maji ya kwenye bomba na kichujio yatolewe yote. Friji iyeyushwe barafu, ikaushwe siku mbili mlango ukiwa wazi, kisha mlango ufungwe ukiwa umebanwa kitambaa ili hewa ipite, la sivyo mtafungua harufu na ukungu.

Unyevu ndio adui mkubwa wa safari hii. Mnapakia mbao na maboksi yenye unyevu wa Uingereza, kontena linapita joto la ikweta, usiku paa linapoa na maji yanatonesha juu ya vitu vyenu. Ningewasihi msipakie siku ya mvua wala kuweka kitu kibichi. Ning'inizeni vifuko vikubwa vya kunyonya unyevu vyenye kloridi ya kalsiamu kwenye pete za ukutani, sita hadi nane kwa futi 20, na tandazeni maboksi ya katoni juu kabisa yapokee matone. Magodoro na sofa zivalisheni vitambaa. Plastiki iliyozibwa pande zote hufungia unyevu humo humo. Mbao za kufungia au paleti ziwe na chapa ya HT, yaani zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu.

Kontena likiletwa, mtu aingie ndani, milango ifungwe, aangalie kama kuna tundu la mwanga. Likionekana hata moja, lirudisheni. Vizito vikae chini na vigawanywe mbele na nyuma, kila safu ifike paa na ifungwe kamba kabla ya kuanza inayofuata. Piga picha kila safu, na mwisho namba ya lakiri mlangoni. Uzito uliothibitishwa wa kontena ni lazima utangazwe kabla ya kupakiwa melini, kanuni ya tangu Julai 2016. Kampuni yenu ya kusafirisha inajua, ninyi hakikisheni tu imefanya.

Visiingie kabisa: mtungi wa gesi, rangi, spirti, dawa za kupuliza za makopo, pawabanki na betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa. Pawabanki panda nayo ndege kwenye begi la mkononi, isizidi wati-saa 100. Baiskeli, viatu vya shambani na majembe yaoshwe udongo. Mbegu na mimea iacheni.

Bima sasa. Maboksi mliyofunga wenyewe kwa kawaida hayalipwi yakivunjika ndani, yanalipwa kontena likipotea au kuungua. Vyenye thamani vifungwe na kampuni ya kusafirisha. Msikate bima ya bei ya chini mkadhani hasara itakuwa ya vitu vyenu pekee. Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021 ilitangazwa hasara ya pamoja, yaani kila mwenye mzigo anachangia gharama za kuiokoa meli, na wenye mizigo wakatakiwa dhamana kabla ya kupewa makontena yao, hata ambao vitu vyao havikuguswa. Mwenye bima, kampuni yake ndiyo hutoa dhamana hiyo.

Kutoka: Houston

Kwa wanaotoka huku Marekani, hesabu ya umeme ni tofauti na ya dada. Yeye anatoka kwenye volti 230, hezi 50 na plagi ya miguu mitatu ya bapa, sawa na Dar. Vyetu ni volti 120, hezi 60. Laptopu na chaja nyingi zimeandikwa 100-240, hizo zije. Maikrowevu inayovuta wati 1,500 itataka transfoma ya wati 2,000 na zaidi, ambayo ni nzito, ghali na inakula umeme muda wote. Tena transfoma haibadilishi hezi, kwa hiyo mashine za kufulia na friji za mota za kawaida huzunguka polepole na kupata moto. Uzeni, nunueni Kariakoo.

Kutoka: Birmingham

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Mawili yamebaki: gari, na je, kontena lifike mpaka nyumbani?

Kutoka: Kurasini, Dar es Salaam

Gari: uwe umelimiliki na kulitumia nje ya Jumuiya angalau miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya meli, na liwe kwa jina la mwenye kuhama aliyetimiza miaka 18. Leteni logibuku (hati ya usajili wa gari) na vyeti vya bima vya mwaka mzima, maana logibuku inaonyesha limesajiliwa kwa jina la nani na bima inaonyesha matumizi. Ikipungua wiki mbili kufika 12, subirini. Na muulizeni wakala kila kodi kwa jina lake, VAT, ushuru wa bidhaa, ada za uchakavu na usajili, msikubali jibu la "gari limesamehewa". Likija kwa meli ya magari, msiweke chochote ndani, vinaibwa. Futi 20 moja haitoshi gari na nyumba.

Nyumbani: sakafu ya kontena juu ya trela iko karibu mita moja na nusu kutoka chini, na dereva anahesabu saa. Kama barabara ya mtaani kwenu ni nyembamba au ina nyaya za chini, trela haliingii. Njia ninayoipendelea ni kupakua bandari kavu mara baada ya ukaguzi na kuhamishia kwenye Fuso mbili zenye turubai. Vibarua waelewaneni bei ya kazi nzima kabla mlango haujafunguliwa, na mmoja wenu asimame na orodha akitiki namba. Masika, yaani Machi hadi Mei, msihamishe mchana wenye mawingu bila turubai.

Kontena tupu lifagiliwe, misumari na kamba zitolewe, lirudishwe yadi iliyotajwa na kampuni ya meli kabla siku za bure hazijaisha. Chukueni stakabadhi ya kurudisha yenye namba ya kontena na tarehe, kwa sababu bila hiyo amana ya kontena mliyoiweka kwa kampuni ya meli hairudi.