Naomba ushauri: vocha za motisha zimejaza rejista, lakini data si ya kweli

Msimamizi wa Data, Mbale

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia kumbukumbu za wanachama katika SACCO (chama cha akiba na mikopo) moja hapa Uganda yenye matawi manne. Rejista yetu ilikuwa na mapengo mengi, kwa hiyo nilipendekeza kwamba kila mwezi karani atakayekamilisha kumbukumbu nyingi kuliko wenzake apewe vocha ya simu ya shilingi 20,000. Mapengo yalizibwa kwa wiki tatu. Nilifurahi, hadi nilipopanga rejista kwa namba za simu nikakuta namba moja, ambayo ni ya karani mwenyewe, imeandikwa kwa wanachama 43. Wengine wengi wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari 1990, ilhali namba zao za kitambulisho cha taifa zinaanza na CF74 au CM68, na mwaka wa kuzaliwa (1974 au 1968) unasomeka palepale. Mama mmoja alifika dirishani akilia kwa sababu ujumbe wa deni lake ulikwenda kwa jirani. Sitaki kumfukuza mtu, maana tuzo hii niliibuni mimi. Je, niiongeze, niibadilishe, au niiondoe kabisa?

Afisa Mikopo, Jinja

Pole sana, ndugu. Mtu akilipwa kwa idadi ataleta idadi. Kwetu zawadi ni ya tawi zima, na hutolewa baada ya mkaguzi kuchukua kumbukumbu 20 bila kutangaza na kuwapigia simu wanachama wenyewe. Karani anayetaja kosa lake kabla ya ukaguzi haadhibiwi, na tawi halipunguziwi alama. Hilo la mwisho ndilo lililowafungua watu midomo.

Meneja wa Tawi, Arua

Mimi ningeanza na fomu kabla ya zawadi. Yetu ilikuwa na nafasi 31, na tulipoketi na makarani tuligundua kwamba ripoti zetu zote hutumia 12 tu. Tuliziondoa nyingine, na hata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakataza kukusanya taarifa zisizohitajika. Kisha nilimpa karani mmoja mamlaka ya kuikataa fomu yenye kasoro, hata ikitoka kwangu. Wiki ya kwanza alinirudishia mbili mbele ya wateja, nikazijaza upya palepale. Tangu siku hiyo anaiita rejista "daftari langu", na sijawahi kumpa vocha.

Mkaguzi wa Ndani, Kampala

Ninakubaliana na dada wa Arua, ila tusiidharau pesa. Mwanachama aliyebadilisha namba hapatikani kwa kukaa ofisini. Lazima mtu apande boda hadi kijijini, na karani wa mshahara mdogo hawezi kutoa nauli mfukoni mwake. Nauli hiyo ilipwe kama gharama ya kazi, isiitwe zawadi. Na yule mama aombwe radhi leo, namba yake isahihishwe akiwa anaona.

Msimamizi wa Data, Mbale

Asanteni sana. Nimempigia yule mama, na Jumatatu atakuja tuisahihishe kumbukumbu yake pamoja. Vocha nimezisimamisha, na fedha hizo nimeomba ziwe nauli ya kuwafuata wale 43, tukianza na wenye mikopo. Dada wa Arua, naomba unieleze jambo moja: ulipompa karani mamlaka ya kukataa fomu, uliyaandika katika majukumu yake ya kazi, au uliwatangazia wafanyakazi kwa mdomo tu?

Meneja wa Tawi, Arua

Niliyaandika, nikatia sahihi, na barua ikabandikwa ukutani karibu na dirisha lake.