Msitu wa kutembea kwa miguu kutokea Mwanza: Saanane, Rubondo au Rubya?

Mkazi wa Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Mwezi wa saba nina siku tatu za mapumziko na nimechoka kushinda ufukweni nakula sato. Safari hii nataka msitu, wenye kivuli na ndege, nirudi nyumbani miguu inauma. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mdogo wangu na binti yetu wa miaka 12. Navifikiria visiwa vya Saanane na Rubondo, au msitu wa Rubya kule Ukerewe. Aliyefika anieleze, aliyeona picha tu apumzike.

Dada wa Kirumba
Saanane naipenda, lakini kaka, ile siyo msitu. Ni kisiwa cha mawe. Hifadhi nzima, maji yake yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18. Unapanda boti Capri Point, hujakaa vizuri umeshafika. Unazunguka na askari, unapishana na swala, unapanda miamba, unautazama mji ulikotoka. Kabla ya chakula cha mchana umemaliza.

Ila kuna mijusi. Dume ana kichwa na kifua cha waridi iliyokolea, kuanzia hapo hadi mkiani bluu tupu, na anapiga pushapu juu ya jiwe kama anayejiandaa kwa depo. Wataalamu wanamwita *Agama mwanzae*, kwa jina la mji wetu. Binti yako atamkodolea macho nusu saa. Nendeni Ijumaa jioni kupasha miguu, safari yenyewe iwe kwingine.

Mzee wa Kivuko
Mimi Saanane niliijua ikiwa bustani ya wanyama. Ilianza 1964, ya kwanza nchini, na jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Hifadhi ya Taifa imekuja kuwa 2013. Nakubaliana na binti yangu hapo juu. Msitu uko Rubondo.

Buti la Matope
Rubondo nimeenda mara mbili, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnisamehe.

Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kilomita za mraba 456 na ushee ukijumlisha maji na visiwa vidogo. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mnene. Simba hayupo, chui hayupo, ndiyo maana kutembea kwa miguu kunawezekana kirahisi. Lakini tembo wapo, viboko na mamba wapo, kwa hiyo mnatembea na askari mwenye bunduki na mnamsikiliza.

Sokwe wa kule wana kisa chao. Siyo wenyeji. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, kazi iliyosimamiwa na Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Wengi walikuwa wameishi kwenye vizimba. Wakafunguliwa, wakajifunza wenyewe chakula cha porini na kujenga viota, na wanaoishi sasa ni vizazi vyao.

Je, mtawaona? Mara ya kwanza sikuwaona kabisa. Tulitembea tangu asubuhi, kamba za msituni zinakunasa kifundo cha mguu kila hatua kumi, jasho linaingia machoni. Askari akainama, akaokota tunda la mkuyu lililong'atwa upande mmoja, bado linatoa maziwa. Akatuonyesha kwa kidole tunyamaze. Zikapigwa kelele mbele yetu, matawi yakatikisika, halafu kimya. Basi. Mwenzangu alinuna hadi botini. Mimi ile kelele bado naisikia.

Njia: daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko tangu Juni 2025. Mnakwenda Sengerema, Geita, Chato, hadi Muganza, halafu boti. Boti ipangwe na hifadhi kabla hamjatoka Mwanza. Wakala mmoja wa mjini alituambia "boti ipo tu, mkifika mtapanda". Tulifika jioni, boti hakuna, tukalala gesti yenye jogoo asiyejua saa. Na malipo ya hifadhi siyo ya keshi mkononi, msije na bahasha.

Mnansio
Mbona Rubya mnairuka? Ni shamba la miti, sikatai, misindano (misonobari) imepangwa mistari. Lakini chini umetandikwa zulia la majani makavu, hatua yako mwenyewe huisikii, na unatokea ziwani ghafla. Gharama yake huwezi kuilinganisha na Rubondo. Meli hadi Nansio ni mwendo wa saa tatu na kitu, au mzunguke Bunda mvuke Kisorya. Pitieni ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, muombe ruhusa kwanza.

Buti la Matope
Misindano haina ndege, Mnansio. Kaka kaomba ndege.

Mnansio
Ina upepo. Sikiliza upepo.

Mhaya wa Igoma
Kama ni msitu kweli, Minziro, kule Missenyi mpakani na Uganda. Una miti na vipepeo vya jamii ya misitu ya Kongo ambavyo Tanzania huvipati kirahisi pengine. Ila Mto Kagera ukijaa, njia zinakuwa maji, na ukihesabu meli ya usiku hadi Bukoba pamoja na barabara, siku tatu zinaishia safarini. Iweke kwa mwakani.

Dada wa Kirumba
Popote mtakapokwenda, mtoto asiingie ziwani kuogelea. Kichocho hakioni aibu, na mamba vilevile.

Mkazi wa Nyegezi
Asanteni sana, shikamoo Mzee wa Kivuko. Mke wangu kasoma yote, kachagua Rubondo kwa sababu ya lile tunda la mkuyu. Swali lililobaki ni binti: kwenye kufuatilia sokwe kuna hifadhi zinazoweka kikomo cha umri. Jumatatu napiga simu hifadhini, niulize hilo na boti kwa pamoja. Wakikataa, tunapanda meli ya Nansio tukasikilize upepo wa Mnansio.

Buti la Matope
Nafasi ya mtu wa tano ipo? Nachangia mafuta.

Mkazi wa Nyegezi
Gari ni IST, mkuu. Utakaa na mabegi.