Majalada ya fidia za majeruhi kazini: yapi yateketezwe?

Mleta mada
Wakuu, masjala yetu imejaa majalada ya madai ya fidia yaliyofungwa, mengine yamelazwa sakafuni. Kuna pendekezo yote yaskaniwe, kisha karatasi ziteketezwe. Ndani kuna eksirei na risiti zilizofifia. Tuanzie wapi?

Folio ya Kwanza
Skana isubiri, mkuu. Anzeni na ratiba ya uhifadhi, yaani orodha ya muda ambao kila aina ya jalada hutunzwa. Muda uhesabiwe tangu jalada lilipofungwa, si lilipofunguliwa. Dai la ulemavu wa kudumu linaweza kulipwa pensheni kwa miongo kadhaa, na jalada lake ni hai hadi malipo ya mwisho, ya wategemezi yakiwemo.

Halafu tenganisheni ajali na magonjwa. Aliyevunjika mkono hujulikana siku hiyohiyo, lakini aliyevuta vumbi la asbesto anaweza kupata saratani ya utando wa mapafu miaka 20 hadi 40 baadaye, hata zaidi. Siku anapodai, kiwanda huenda kilishafilisika, na ushahidi pekee kwamba vumbi lilikuwepo ni jalada la mfanyakazi mwenzake lililofungwa zamani. Mkilichoma hilo, mmemnyima haki mtu ambaye hata hajaugua.

Mtunza Nyaraka
Naunga mkono. Mkifika kwenye kuskani, risiti zilizochapwa kwa joto zitangulie, maana maandishi yake hayana subira. Pini na stepla zitoke zote kwa sababu kutu hula karatasi; inueni miguu ya stepla kwa kisu butu upande wa nyuma, msivute kwa mbele. Kagueni mfuatano wa folio (karatasi za jalada zilizopewa namba), na inayokosekana iandikwe kabla ya kuskani, la sivyo baadaye hakuna atakayejua kama ilipotea masjala au kwenye mashine. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi. Pigeni kwa rangi, kwani mihuri na sahihi za wino wa bluu hupotea kwenye nyeusi na nyeupe. Hifadhini kwa PDF/A (aina ya PDF ya kutunza kwa muda mrefu), na faili lipewe namba ya dai, kamwe si jina la mtu.

Eksirei nuseni. Ikitoa harufu kama ya siki, filamu inaoza na mvuke wake huharibu za jirani: itengeni leo hiihii. Nzima zisimame wima, kila moja kwenye bahasha isiyo na asidi.

Mleta mada
Shukrani. Na ripoti za daktari? Makarani wote wanazifikia.

Folio ya Kwanza
Hapo pana hatari. Ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya jalada, na anayeifungua aandike jina, tarehe na sababu. Kwenye mfumo iwe hivyohivyo.

Mtunza Nyaraka
Nakala za kielektroniki ziwe 3, moja nje ya jengo, kila faili na alama yake ya uhakiki (SHA-256), ambayo hubadilika faili likibadilika, na ikaguliwe kwa ratiba. Jaribuni pia kurejesha faili kutoka kwenye nakala. Karatasi zisiteketezwe bila kibali cha maandishi cha mamlaka ya nyaraka, wala dai lenye rufaa lisiguswe. Orodha ya yaliyoteketezwa hutunzwa daima.