Majibu ya damu ya farasi watatu wa umri tofauti: je, niwape wote kopo moja la vitamini?

MfugajiWaNanyuki:

Ndugu zangu wafugaji na madaktari wa mifugo, naomba ushauri wenu. Ninafuga farasi watatu karibu na Nanyuki: jike wa miaka 9 anayenyonyesha, mtoto wake wa miezi 4, na farasi mzee aliyehasiwa, mwenye miaka 24, ambaye amenibeba mgongoni miaka mingi na sina moyo wa kumwona akidhoofika mbele ya macho yangu. Kiangazi kimekuwa kirefu, na kwa muda mrefu sasa chakula chao kikuu ni nyasi kavu za Boma Rhodes, pamoja na malisho machache ya kikuyu yaliyobaki kando ya mto. Asubuhi na jioni huwapa pumba za ngano, kibaba kimoja kila mmoja. Mzee humwongezea lusini, ile ambayo wengine huiita alfalfa, kwa sababu meno yake yamekwisha.

Niliwatoa damu wote siku moja na kuipeleka maabara Nairobi. Karatasi zote tatu zimerudi zikiwa na safu moja tu ya viwango vya kawaida. Mtoto ana fosforasi ya miligramu 6.8 kwa desilita, imewekewa alama ya kuwa juu. Mama yake ana vitamini E ya maikrogramu 1.1 kwa mililita, imewekewa alama ya kuwa chini, ilhali kalsiamu yake ni 12.1 na haina alama yoyote. Mzee ana kalsiamu ya 14.6, nayo iko juu. Muuza dawa ameniambia ninunue kopo moja la unga wa vitamini na madini, nimpe kila mmoja kijiko asubuhi, na niongeze seleniamu ya kunywesha. Je, nifuate ushauri huo?

DaktariWaFarasi:

Ndugu Mfugaji, tafadhali usinunue chochote kwanza, na hiyo seleniamu usiiguse kabisa mpaka kiwango chake kipimwe katika damu. Farasi wa kilo 500 anahitaji takriban miligramu 1 tu ya seleniamu kwa siku, na nafasi kati ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru ni nyembamba mno. Mwaka 2009 huko Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa katika muda mfupi baada ya kudungwa mchanganyiko uliokuwa na seleniamu iliyozidi kipimo. Anayezidishiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu hunyonyoka singa za shingoni na mkiani, na kwato zake hupasuka kuanzia juu, pale zinapoota.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mtoto wako hana tatizo la fosforasi. Mifupa yake inajengwa, na kiwango hicho huwa juu kwa watoto, kisha hushuka polepole kadiri wanavyokua. Aliyepewa safu ya farasi wazima ataonekana mgonjwa hata akiwa mzima wa afya. Shaba nayo ina mwendo wake: mtoto huzaliwa akiwa na shaba nyingi iliyohifadhiwa kwenye ini, lakini kiwango cha damuni huwa kidogo, kisha hupanda katika wiki za kwanza hadi kufikia kile cha mkubwa. Maziwa ya mama yana shaba kidogo mno, kwa hiyo akiba ile aliyopewa tumboni ndiyo inayomvusha, na ndiyo maana jike mwenye mimba hupaswa kulishwa shaba ya kutosha katika miezi ya mwisho, badala ya kungoja mtoto azaliwe ndipo tuhangaike. Madini ya chuma msimpe mtoto mchanga kwa kubahatisha. Huko Marekani waliwahi kufa watoto wa farasi kwa kuharibika ini baada ya kunyweshwa dawa yenye chuma mara tu walipozaliwa.

Kalsiamu ya mzee ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Farasi hufyonza kalsiamu nyingi kuliko anayoihitaji na kutegemea figo kuitoa, na ndiyo sababu mkojo wake huwa mzito kama maji ya chokaa. Figo zikichoka, kalsiamu hubaki damuni. Mpunguzie lusini, ambayo ina kalsiamu nyingi, umlainishie nyasi kwa kuziloweka, na urudishe damu ipimwe kreatinini na yurea, yaani taka ambazo figo huzitoa damuni, wiki hii hii. Kopo la madini kwa farasi wa namna hii ni kumwongezea mzigo.

SaisiMkongwe:

Mwanangu, mimi nimekuwa saisi tangu ujana, nikaanzia mazizi ya Nairobi na baadaye nikafanya kazi Muscat, ambako farasi wengi hula nyasi kavu mwaka mzima. Daktari amesema kweli, nami nitaongeza la huyo jike, kwa kuwa kalsiamu isiyo na alama inaweza kukulaza usingizi.

Damu ya farasi haikubali kalsiamu ishuke. Ikipungua kwenye chakula, mwili huichota mifupani, na karatasi itaendelea kuonyesha 12 huku mifupa ikilika. Jike wa kilo 500 asiye na kazi wala mtoto hutosheka na gramu 20 za kalsiamu kwa siku, lakini mwezi wa kwanza wa kunyonyesha huhitaji karibu gramu 59. Wewe unampa pumba, na kilo 2 za pumba za ngano zina zaidi ya gramu 20 za fosforasi, wakati kalsiamu yake haifiki gramu 3. Juu ya hapo analishwa kikuyu, ambayo ina oksaleti inayoishika kalsiamu tumboni isifyonzwe. Rhodes haina shida hiyo kwa kiasi cha kikuyu au nyasi za seteria, na nashukuru kwamba ndiyo uliyo nayo kwa wingi. Nimewahi kumtunza farasi aliyelishwa pumba kwa namna hii. Alianza kwa kuchechemea, leo mguu huu na kesho mwingine, kisha mifupa ya uso ikavimba pande zote mbili juu ya taya, na ukiigusa unahisi kitu kigumu lakini kisicho na nguvu ya mfupa. Ule uvimbe haukuondoka wote hata baada ya lishe kurekebishwa.

Simama mbele ya jike wako asubuhi, pitisha viganja vyako pande zote mbili za uso wake kwa pamoja, kuanzia chini ya macho kwenda puani, na ulinganishe. Kisha pima kibaba chako kwa mizani, maana kibaba cha bati hakina gramu zilizoandikwa.

MfugajiWaNanyuki:

Shikamoo Mzee, nawe Daktari nakushukuru sana. Nimepima kibaba asubuhi hii, nacho kimebeba gramu 950 za pumba, kwa hiyo ni karibu kilo 2 kwa siku kama Mzee alivyokisia. Uso wa jike ni laini na uko sawa pande zote, ila nimeogopa. Nimeshampunguzia pumba hadi nusu kibaba, na nitazimaliza kidogo kidogo.

Bado sijaelewa la vitamini E. Je, ni kweli imepungua, au ni umri?

DaktariWaFarasi:

Kwa jike wa miaka 9 si umri. Farasi hawezi kujitengenezea vitamini E kama anavyojitengenezea vitamini C kwenye ini. Huipata katika majani mabichi, na nyingi hupotea nyasi zikishakaushwa na kuwekwa ghalani. Tunapenda kuiona ikiwa juu ya maikrogramu 2. Mahitaji yake ni takriban yuniti 500 hadi 1,000 kwa siku kwa farasi wa kilo 500, na ikikosekana kwa muda mrefu, farasi mzima huharibika mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, akakonda, akatetemeka akiwa amesimama. Mtoto anayekua naye anaweza kuyumba miguu.

Lakini niambie kwanza: damu ilisafiri vipi hadi Nairobi?

MfugajiWaNanyuki:

Ilikuwa mbele ya gari, juu ya dashibodi, katika chupa zinazopenya mwanga, na safari ilichukua zaidi ya saa nne. Sikujua kama ni kosa.

DaktariWaFarasi:

Basi namba hiyo haiwezi kutegemewa, kwa sababu mwanga na joto huiharibu vitamini E ndani ya chupa. Mtoe jike damu upya, ufunge chupa kwa karatasi ya foili na kuiweka kwenye kasha lenye barafu, lakini isigusane na barafu moja kwa moja. Uiambie maabara pia kwamba ukitaka kupima zinki utahitaji chupa maalumu, kwa kuwa kizibo cha mpira huongeza zinki kwenye damu. Wakati ukingoja majibu, mkatie jike na mtoto nyasi mbichi za Rhodes kama zipo popote penye maji. Mzee mtoe damu siku hiyo hiyo, na karatasi yake ndiyo nitakayotaka kuiona kwanza.