Zabuni ya matenki Buchosa: nimeandikiwa barua ya ufafanuzi, nijibuje?

Mjenzi wa Buzuruga
Wakuu habari za jioni. Nina kakampuni kangu hapa Mwanza, ujenzi mdogo na usambazaji. BRELA kapo, leseni ipo, kodi sidaiwi. Mwezi uliopita kuna shirika lilitangaza zabuni ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule tisa za msingi kule Buchosa: matenki 18 ya lita 5,000, vitako vya zege na gata. Hela ni msaada wa serikali moja ya Ulaya. Nimeihangaikia kazi hii jamani, hadi kwenda kukagua maeneo tulikaa foleni ya kivuko pale Kigongo masaa mawili na nusu juani. Siku ya kufungua bahasha, bei yangu ikasomwa ya chini kuliko zote. Nikajua tayari.

Jana imekuja barua, wanataka "ufafanuzi" ndani ya siku tatu za kazi. Barua kama hii inajibiwaje? Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Nikichelewa inahesabika nimejitoa? Usingizi sina.

Mzee wa Sato
Kiingereza. Mzungu akiona Kiswahili anapeleka kwa mkalimani, mkalimani naye anataka chake.

FundiGata
Mkuu achana na hela za wafadhili. Ingia NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, sajili kikundi cha vijana, kuna ile asilimia 30 ya manunuzi ya umma iliyotengwa kwa makundi maalumu. Mimi nimepata kazi mbili za ukarabati wa madarasa, na sijapiga magoti kwa mtu.

Mjenzi wa Buzuruga
Asante FundiGata, ila mimi siyo kijana tena, na swali langu ni la barua.

Bi Nyegezi
Pole kaka. Wewe una barua ya kujibu, mimi sina hata wa kumwandikia. Nilikuwa napika chakula cha semina za mradi wa afya uliofadhiliwa na Marekani. Kuna kijana akanidanganya ili niwe mzabuni mkubwa lazima nisajiliwe kwenye SAM, mfumo wa serikali yao wa kusajili wazabuni, akala laki sita yangu. Baadaye naambiwa kujisajili ni bure! Na namba aliyoniletea ilikuwa ya DUNS, namba ya kutambulisha kampuni ambayo wenyewe walishaiacha tangu Aprili 2022. Nikanyamaza, nikaendelea kupika. Tarehe 20 Januari 2025 Trump anasaini kusimamisha misaada siku 90, mimi nina ankara tatu mezani kwao. Siku 90 zikaisha, Julai mosi USAID yenyewe ikafungwa. Kuku nilishanunua kwa mkopo. Mwenye kuku hakutaka kusikia habari za Washington.

Mzee wa Sato
Dada kuku hao walikuwa wangapi?

Bi Nyegezi
Tuache tu.

Bwana Boharia
Turudi kwa mleta uzi. Nimekaa ofisi za manunuzi miaka kumi na moja, nne kati ya hiyo kwenye miradi ya wafadhili. Kujibu ufafanuzi ni kazi rahisi: unajibu walichouliza, hubadilishi bei, unatumia lugha ya zabuni yenyewe. Ila umeuliza mambo matatu na hujasema wao wameuliza nini. Barua inasemaje?

Mjenzi wa Buzuruga
Ni mambo madogo ya nyaraka tu mkuu.

Bwana Boharia
Mambo madogo hayanyimi mtu usingizi. Andika sentensi yao hapa.

Mjenzi wa Buzuruga
Wanaomba nieleze "uhusiano uliopo, kama upo," kati ya kampuni yangu na wazabuni wengine wawili.

FundiGata
Ahaa.

Bwana Boharia
Na upo?

Mjenzi wa Buzuruga
Moja ni ya mke wangu. Nyingine ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Kabla hamjanirushia mawe nisikilizeni. Tangazo lilisema wakipata wazabuni chini ya watatu wanatangaza upya. Nikapata fununu kwamba hakuna aliyechukua nyaraka zaidi yangu. Sasa nisubiri warudie, mvua zianze, watoto waendelee kubeba madumu kutoka ziwani? Nilichofanya ni kuwasaidia watimize idadi. Kampuni zote tatu zina usajili halali. Bei sikuweka sawa. Mke wangu nilimpandishia asilimia nane, shemeji kumi na mbili. Na kazi ningeifanya vizuri, kitako changu cha zege hakipasuki. Rasimu ya majibu ninayo tayari: kwamba hatuna uhusiano wowote wa kibiashara. Mke wangu anatumia jina la baba yake, hawawezi kujua.

Mama Dagaa
"Nilimpandishia." Yaani bei ya kampuni ya mkeo unapanga wewe, halafu hamna uhusiano.

Ustaadh wa Igoma
Mali ya dhuluma hailiki ikakaa tumboni. Mtu anaacha riziki yake ya halali anakwenda kumfundisha mkewe uongo.

Mzee wa Sato
Ustaadh, punguza. Nani hapa hajawahi kupeleka profoma tatu kutoka duka moja? Makoroboi pale unapewa hadi mihuri.

Bwana Boharia
Profoma tatu za kununulia karatasi ofisini ni ubabaishaji. Hii ni habari nyingine. Kwenye kabrasha lako kulikuwa na tamko la uadilifu, karatasi ambayo watu wengi wanasaini bila kusoma. Umetamka hushirikiani na mzabuni mwingine wala huna mgongano wa maslahi. Umesaini mara tatu, maana najua wewe ndiye uliyesaini zote. Na Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza wazabuni kupanga bei pamoja, kwa hiyo usidhani ni masharti ya wazungu tu.

Niulize kitu. Nyaraka zote tatu ulichapia kompyuta moja?

Mjenzi wa Buzuruga
Ndiyo. Ila nilibadilisha letahedi na aina ya maandishi.

Bwana Boharia
Zifungue sasa hivi, uzisome zote tatu kwa kupanga mstari kwa mstari. Ndivyo kamati inavyofanya.

Mjenzi wa Buzuruga
Dah.

Zote tatu zimeandikwa "Mkurungezi Mtendaji". Na ya shemeji, ukurasa wa nne kwa chini, kuna namba yangu ya simu.

Mzee wa Sato
MKURUNGEZI 😂😂😂 Nimemwaga uji.

Bwana Boharia
Basi wanajua tayari. Barua yao wanakupima kama utasema kweli. Kosa la kwanza ni kula njama. Ukituma rasimu yako unaongeza la pili, kuwadanganya wakati wanachunguza, na hilo wafadhili wengi wanalihesabu peke yake. Ukifungiwa habari inasambaa. Benki ya Dunia, ile ya Maendeleo ya Afrika na wenzao watatu walikubaliana tangu 2010, aliyefungiwa na mmoja zaidi ya mwaka wengine nao wanamfungia. Huyo mfadhili wako simjui, lakini orodha hizo zipo wazi mtandaoni na wengi wanazipekua kabla ya kumpa mtu kazi. Ushauri wangu: andika kweli, fupi, jitoeni wote watatu. Kuna uwezekano wakakufungia hata hivyo.

Mjenzi wa Buzuruga
Kujitoa siwezi mkuu. Nimeshatanguliza hela ya simtanki sita, mkopo wa kikoba cha mke wangu. Hakuna njia ya kusema uhusiano upo ila kila mtu aliandaa yake?

Mama Dagaa
Wote watatu mkarithi Mkurungezi mmoja?

Kamanga Boy
Jamani mnanywa CHAI na hamjui. Someni post ya kwanza. Amekaa foleni ya kivuko Kigongo, mwezi uliopita? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu, unavuka kabla wimbo haujaisha redioni. Hiyo foleni aliipanga na nani? Hadithi imetungwa Dar na mtu ambaye mara ya mwisho kufika huku alivuka na kivuko.

FundiGata
Mh. Kweli bana.

Ustaadh wa Igoma
Na mimi nimepoteza bando langu kumuonya mtu asiyekuwepo.

Mzee wa Sato
Hata kama ni chai, ile Mkurungezi imekolea sukari.

Mjenzi wa Buzuruga
Siyo chai. Foleni ile ni ya 2024, nilikuwa chini ya mkandarasi mwingine. Safari hii sikwenda. Wenzangu nao hawakwenda. Shule nazijua, nikajaza fomu ya ukaguzi wa eneo nyumbani.

Bwana Boharia
Fomu tatu?

Mjenzi wa Buzuruga
Tatu.

Bwana Boharia
Mimi nimemaliza.

Kamanga Boy
Anaziba ufa kwa ufa mwingine. Chai.

FundiGata
Kama matenki ni ya kweli mimi nachukua mawili, nina kazi Misungwi. Bei ya jumla lakini, siyo ya Ulaya.

Mjenzi wa Buzuruga
Njoo inbox FundiGata.

Wakuu mrejesho. Barua ya kujitoa nimeandika jana usiku, na uhusiano nimeutaja. Shemeji amesaini. Mke wangu amegoma. Anasema yeye kampuni yake ni halali, mafundi anao, mkopo wa kikoba umechukuliwa kwa jina lake, na sasa mimi nikitoka bei ya chini ni ya kwake. Amesema nimuachie barua yake ataijibu mwenyewe.

Kamanga Boy
Hapo sasa nimeamini. Chai haina mke wa hivyo.

Bi Nyegezi
Mwambie akipata kazi, chakula cha mafundi napika mimi. Ila hela mkononi.